Chuma Hakijui Alhamisi

Mama yake nesi aliuliza swali moja tu, na Inspekta alikuwa ameliandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake, ili mengine yasije yakalifunika: Nani alikuwa zamu?

Wenzake idarani walimwita Dada Rudia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechunguza ajali za barabarani, za viwandani na za angani, na neno lake lilikuwa hilo hilo. Ukimweleza jambo atakusikiliza mpaka mwisho, atafuta miwani yake, kisha atakuambia urudie. Aliamini kwamba mtu husema uongo vizuri mara ya kwanza. Mara ya tatu ndipo kamba inapoonyesha mahali ilipoungwa.

Asubuhi hiyo alifika kituoni saa tatu kamili. Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kusimama nje ya ofisi yake, faili mkononi, kama mtu anayemngoja mgeni ampe mzigo aondoke nao.

Mkasa wenyewe ulijulikana. Wiki tatu nyuma, siku ya Jumanne, saa nane kasoro dakika sita mchana, satelaiti ya uokoaji iligongwa na kipande cha chuma kule juu, ikasambaratika. Kazi yake ilikuwa kusikia vifaa vya kuomba msaada vinavyofungwa kwenye ndege na magari ya safari za mbali. Saa moja baadaye ndege ndogo iliyobeba rubani, nesi na boksi la chanjo ilianguka msituni. Kifaa chake kilipasuka betri, kikaita kwa dakika hamsini tu, kisha kikanyamaza. Ndani ya dakika hizo hamsini satelaiti ile ingepita juu ya msitu. Haikuwepo tena. Waokoaji wakatafuta kwa macho, wakaiona ndege siku ya tatu. Rubani alikufa papo hapo. Nesi hakufa papo hapo. Juu ya kifuniko cha boksi la chanjo alikuwa ameandika mapigo ya moyo wake mwenyewe, kila baada ya saa sita, kwa mwandiko ulionyooka wa wodini. Mistari ilikuwa minane.

Kituo hiki ndicho kilichopaswa kuonya. Watu wake walikaa zamu kutwa kucha wakifuatilia mabaki yanayoizunguka dunia: satelaiti zilizokufa, skrubu, vifuniko, vipande vya roketi, kila kimoja kikienda zaidi ya kilometa saba kwa sekunde moja. Kama onyo lingetoka mapema, satelaiti ingesogezwa kidogo na chuma kingepita zake. Onyo halikutoka.

Mkuu wa kituo alisema mkosaji anaye. Alilieleza jambo lote kwa dakika nne bila kukaa. Binti aliyekuwa zamu siku ile alizungumza na simu kwa dakika kumi na moja kuanzia saa nne na dakika tatu asubuhi. Saa nne na dakika tano kompyuta ilileta taarifa ya kipande kisichotambulika. Binti akabonyeza "imesomwa" huku simu iko sikioni, akaendelea na maongezi yake. Kumbukumbu za simu zilikuwamo kwenye faili, na nakala ya ukurasa wa daftari la zamu ilikuwamo pia. Kamati ingekaa saa nane mchana huo. Binti angefukuzwa kazi na jina lake lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, kwa uzembe uliosababisha vifo. Palipungua sahihi moja tu, ya Inspekta.

"Samaki mmoja akioza, dada, unajua mwenyewe," alisema. "Mimi nina samaki thelathini humu ndani."

Inspekta alimwambia arudie zile saa. Akarudia. Akamwambia arudie tena, naye akarudia kwa sauti ya mtu anayehesabu mpaka kumi ili asikasirike. Saa hazikubadilika. Inspekta akafunga faili, akasema atatia sahihi akishaketi kwenye kiti.

"Kiti gani?"

"Cha zamu."

Chumba cha zamu hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na skrini sita, birika la umeme, kalenda ya ukutani na makabati mawili ya kadi. Kompyuta zilikuwa zimeletwa miaka mingi iliyopita, lakini kadi hazikuondolewa. Kila kipande kilichofuatiliwa kilikuwa na kadi yake, na watu wa pale walisema umeme ukikatika kadi haikatiki. Kabati kubwa lilikuwa la vipande vinavyoonekana. Dogo, lililokaa karibu na mlango, waliliita Kabati la Waliopotea.

Kwenye kiti cha zamu aliketi mwanamume mnene mwenye sweta. Nyuma kabisa, kwenye meza isiyo na skrini, aliketi binti mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, na wenzake walimwita Kinanda kwa jinsi vidole vyake vilivyokwenda juu ya vitufe. Walikuwa wamemwondoa zamu lakini wakamwambia asubiri kamati, basi akawa anasafisha vitufe vya kompyuta iliyokufa kwa pamba, kimoja kimoja.

Yule mnene alifurahi kupata mgeni. Alimwonyesha Inspekta kipande walichokiita Shemeji, kwa sababu kilikuja bila taarifa na hakikuwa na dalili ya kuondoka. Akamwonyesha tangi la roketi liitwalo Mama Mkwe, ambalo likipita kila satelaiti husogea pembeni kwa heshima. Alipokuwa bado anacheka skrini moja ilitoa mlio mfupi. Uso wake ukabadilika. Akainuka, akavuta kadi moja kutoka kabati kubwa, akaandika juu yake neno "Haikuonekana", akatia sahihi, akasoma namba yake kwa sauti. Kisha akasema, "Kiende salama."

"Kiende salama," akaitikia Kinanda kutoka nyuma, bila kuinua kichwa. Kadi ikaingia Kabati la Waliopotea.

Inspekta akauliza ile ilikuwa nini. Yule mnene akaeleza, kwa haya kidogo, kwamba kipande kisipoonekana na rada kwa siku thelathini huhesabiwa kimepotea, na kwamba maneno yale yalianza kama utani zamani, kabla yeye hajaajiriwa. Siku hizi hakuna aliyethubutu kuyaruka.

Inspekta akavuta kiti, akaketi mbele ya binti. Alitaka kujua ile simu ilikuwa ya nani.

Ya mama yake, alisema Kinanda. Mama alikuwa amenunuliwa simu mpya isiyo na vitufe, na kila akiiweka sikioni shavu lake lilikuwa linagusa kioo na kuikata. Dakika kumi na moja zile zilikuwa simu sita. Inspekta akafungua faili. Kweli zilikuwa sita. Mkuu wa kituo alizijumlisha.

Na ile taarifa? Aliisoma, alisema. Kipande kisichotambulika kikionekana mara moja hakipigiwi onyo, maana kwa kuonekana mara moja huwezi kujua kinakwenda wapi. Sharti kionekane mara tatu. Yule mnene akaongeza kutoka kwenye kiti chake kwamba wakionya kwa kila doa, satelaiti zote zitacheza ngoma mchana kutwa.

"Ukabonyeza imesomwa, kisha?"

"Kisha nikaendelea na orodha."

"Rudia."

"Nilibonyeza, nikaendelea na orodha ya siku."

"Rudia."

Binti akaweka pamba chini. "Nilibonyeza, nikaandika, nikaendelea na orodha."

Inspekta alifuta miwani. Akauliza aliandika wapi. Kwenye nakala iliyomo ndani ya faili hapakuwa na maandishi yoyote mbele ya saa nne na dakika tano. Akaomba daftari lenyewe. Lilikuwa pana kuliko mashine ya kunakili. Ukingo wa kulia wa kila ukurasa ulikuwa umebaki nje ya nakala. Kwenye ukingo huo, kwa penseli, palikuwa na maneno machache: Kinafanana na Sahani? Nimuulize Mwalimu. Mbele yake palikuwa na alama ya vema.

"Hii vema maana yake nini?"

"Kwamba nilimuuliza."

"Akakujibu nini?"

Kinanda alimtazama yule mnene, naye akageukia skrini zake. Binti alisema kwa sauti ya chini kwamba Sahani ni kipande namba elfu tatu sitini na moja, kifuniko cha alumini chenye ukubwa wa sahani ya chakula. Mwalimu alimjibu kwamba Sahani anayo. Ameiona Alhamisi.

"Wiki tatu unahojiwa. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu si kosa lake, Inspekta. Niliuliza, nikajibiwa. Kama Sahani ilikuwa mahali pake, basi kile hakikuwa Sahani. Ya nini kumtaja?"

"Ukijua unaweza kufungwa."

"Mwalimu ndiye aliyenifundisha kusoma anga," alisema Kinanda, kama mtu anayejibu swali lingine.

Inspekta aliuliza habari za huyo Mwalimu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo wote wawili walizungumza kwa pamoja. Alikuwa na miaka thelathini kituoni. Kila aliyekaa kwenye kile kiti alifundishwa naye. Ile "kiende salama" ilianza kwake. Alikwenda likizo siku tatu baada ya ajali, na leo amerudi kufungasha vitu vyake, maana anastaafu mwisho wa wiki. Yuko stoo, mwisho wa korido, tangu saa mbili.

Inspekta hakwenda stoo. Aliomba kumbukumbu za Sahani.

Zilikuwa kurasa nne. Kila mstari ulikuwa na tarehe ambayo kipande kilionekana, mahali kilipokuwa, na nguvu ya mwangwi, yaani jinsi rada ilivyokisikia kikijibu. Inspekta hakujua hesabu za anga. Alijua kalenda. Alichukua penseli akaandika pembeni idadi ya siku kati ya mstari na mstari. Miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ovyo kama mvua: siku tatu, siku kumi na moja, siku mbili, siku kumi na tisa. Kisha, kuanzia miezi kumi na nne iliyopita, penseli yake ikaanza kuandika namba moja. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Ishirini na nane. Mistari kumi na mitano.

Akainuka, akasimama mbele ya kalenda ya ukutani, akashuka nayo kwa kidole.

"Zamu ya Alhamisi ni ya nani?"

Halikuwa swali gumu. Macho ya wote wawili yalielekea mlangoni, upande wa stoo.

Yule mnene alijaribu. Alisema wakati mwingine taarifa hutoka kituo rafiki, nazo huingizwa kwa mkono, ndiyo maana safu ya mwangwi ni tupu kwenye mistari ile. Inspekta akatazama. Kweli, safu ilikuwa tupu, yote kumi na mitano.

"Na hicho kituo rafiki nacho hufanya kazi Alhamisi tu?" aliuliza. "Watu ndio wenye Alhamisi. Chuma hakijui Alhamisi."

Akamgeukia Kinanda, akamwomba aketi kwenye skrini. Yule mnene alimpisha bila kuambiwa. Inspekta akamwambia aitoe ile mistari kumi na mitano, aanze na siku ya mwisho ambayo rada iliisikia Sahani kwa mwangwi wake, kisha ailete mbele mpaka Jumanne ile, saa nne na dakika tano.

Kinanda alisema miezi kumi na nne ni mbali mno, kosa litakuwa kubwa. Tena katikati pana jua. Miezi mitatu nyuma jua lilichafuka kwa siku tano, hewa ya juu ikavimba, vitu vyote vyepesi vikashushwa njia zao. Kifuniko ni chepesi.

"Basi weka na jua."

Vidole vikaanza kwenda. Ilichukua dakika ishirini. Inspekta alisimama nyuma yake akinywa chai iliyokwisha kupoa. Kwenye skrini palikuwa na nukta nyekundu, kile kipande kisichotambulika, kama kilivyoonekana mara moja tu siku ya ajali. Polepole mstari wa kijani ukaanza kujichora kutoka kushoto. Ulipita bahari, ukapita mstari wa pwani, ukaja, ukaja, ukapita katikati ya nukta nyekundu kama uzi kwenye tundu la sindano.

Kinanda akabonyeza kitufe, skrini ikawa tupu.

"Nimekosea," alisema. "Niliweka jua mara mbili."

"Rudia."

Akarudia. Safari hii alikwenda taratibu, akitaja kila namba kwa sauti. Mstari wa kijani ulifika palepale. Hakuufuta. Mikono yake ilibaki juu ya vitufe bila kuvibonyeza.

"Nieleze kama unavyomweleza mama yako na ile simu," alisema Inspekta.

Kinanda alieleza. Kama Sahani ingeachwa ipotee kwa kufuata kanuni, kadi yake ingekuwa kwenye lile kabati dogo. Na kompyuta ikiona kitu isichokitambua, mahali pa kwanza inapotafuta ni kwa waliopotea. Kwa kipande ambacho tayari kina historia, kuonekana mara moja kunatosha. Ingekitambua saa nne na dakika tano. Pangekuwa na karibu saa nne za kuisogeza satelaiti. Lakini Sahani haikuwa imepotea. Kumbukumbu zilisema ipo, na kwamba ingepita kilometa arobaini na moja kutoka kwenye satelaiti, salama salimini.

"Kilichopotea kinatafutwa," alisema binti. "Kinachodhaniwa kipo, hakitafutwi na mtu."

Saa ya ukutani ilisema saa sita na robo.

Stoo ilikuwa na harufu ya karatasi kuukuu na mafuta ya mashine. Mzee alikuwa ameketi juu ya kigoda kati ya maboksi sita ya kufungashia. Yote sita yalikuwa matupu. Kwa muda wa saa nne na zaidi hakuwa ameweka hata kalamu ndani. Mbele yake, juu ya rafu, palikuwa na picha ya wanafunzi wanane wamesimama kuizunguka satelaiti ndogo, ukubwa wa sanduku la nguo. Msichana wa katikati alishika bisibisi kama mtu anayeshika kombe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Getini wameniambia wanamfukuza Kinanda."

"Saa nane."

"Nilikuwa nafikiri jinsi ya kusimama," alisema mzee. "Nimekaa hapa nafikiri jinsi ya kusimama."

Inspekta aliketi juu ya boksi lililofunikwa. Hakumwuliza swali. Alifungua zile kurasa nne, akaziweka juu ya magoti ya mzee, penseli yake ikionekana pembeni: ishirini na nane, ishirini na nane. Mzee alizitazama kwa utulivu wa mtu anayesahihisha mtihani.

Alieleza bila kusukumwa. Ile satelaiti ndogo waliitengeneza wanafunzi wa chuo cha ufundi, na yule mwenye bisibisi alikuwa binti yake, wa pekee. Kabla ya kufunga kifuniko walitia majina yao upande wa ndani kwa msumari, wote wanane, na la binti yake ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, maana hakuwahi kujua kuandika kidogo. Satelaiti ilifanya kazi miezi saba, ikafa, ikapasuka. Vipande vyake vikaanguka kimoja kimoja vikaungua. Kikabaki kifuniko. Binti naye akaugua mwaka mmoja, na alipolala kitandani alikuwa akimwuliza baba yake akirudi kutoka kazini: "Sahani yangu umeiona leo?" Baba alikuwa akimjibu ameiona.

"Mwezi aliokufa, rada iliacha kuiona," alisema Mwalimu. "Siku ya ishirini na nane ikafika, Alhamisi, zamu yangu ya mwisho kabla ya siku thelathini kutimia. Nikashika kalamu kuandika neno. Mkono ukakataa. Nikaandika nimeiona. Nikasema mara hii tu."

"Zikawa mara kumi na tano."

"Sikuandika ovyo, Inspekta. Kila mara nilipiga hesabu kwa mkono, usiku mzima nyumbani, mahali inapostahili kuwa. Nilidhani haimdhuru mtu. Kifuniko kimoja, katika maelfu."

"Hukulihesabu jua."

Mzee alifunga macho. "Kila mwanafunzi wangu, somo la kwanza, namwambia usisahau jua. Mimi sikulihesabu. Nilikuwa nikiihesabu kama kitu kisichoguswa na chochote."

Inspekta akauliza swali ambalo hakulipenda. Jumanne ile, Kinanda alipomwuliza, alijua?

"Wakati ule hapana. Jioni ile, baada ya habari, kalamu ilikuwa mezani. Hesabu yenyewe ni ya dakika ishirini. Sikuipiga." Akazikunja zile kurasa nne. "Mtu asiyepiga hesabu anayoiweza, ujue jibu analo."

Kisha akauliza juu ya nesi. Aliuliza kama aliteseka. Inspekta angeweza kusema hajui. Alitoa kwenye daftari lake picha ya kile kifuniko cha boksi la chanjo, akampa. Mwalimu alivaa miwani. Akashuka na mistari kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, akisoma saa, akisoma mapigo, kama alivyosoma mamia ya kurasa katika maisha yake. Alipofika wa nane kidole kikaendelea chini kidogo, mahali palipokuwa patupu, kikasimama.

"Kila baada ya saa sita," alisema. "Hakuruka hata mmoja. Sisi tulikuwa tukifuatilia vyuma, yeye alikuwa akijifuatilia mwenyewe."

Akaomba karatasi. Maelezo yake yalijaa kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri usio na neno lililokatwa. Inspekta aliyasoma, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa hakumwambia mtu arudie.

Mkuu wa kituo aliyasoma akiwa amesimama. Alipofika ukurasa wa pili aliketi. Alisema kwa sauti iliyopungua kwamba huyu mzee ndiye aliyemfundisha hata yeye. Inspekta akamwambia kamati ikae saa ile ile, ila kwenye ajenda abadilishe jina. Na nakala za daftari zipigwe upya, pamoja na ukingo.

Kabla ya kwenda kwenye kamati Mwalimu aliomba kupita chumba cha zamu. Hakuna aliyemkatalia. Aliingia, akasalimia, akafungua kabati kubwa bila kutafuta, maana alijua kadi ilipo. Akaitoa, akakata kwa kalamu ile mistari kumi na mitano, mmoja mmoja, na mbele ya kila mmoja akatia sahihi. Ilichukua muda, na watu wote mle ndani walitazama sakafu. Chini kabisa akaandika neno lile ambalo mkono wake ulikuwa umelikataa.

"Elfu tatu sitini na moja," alisoma. Yale maneno mawili yaliyobaki hayakutoka.

Mzee alisimama mbele ya kabati dogo na kadi mkononi, hawezi kuiingiza, hawezi kuirudisha.

"Kiende salama, Mwalimu," alisema Kinanda.

Kadi ikaingia.

Walipotoka na mzee, yule mnene alijifanya anakwenda kuchemsha maji, akakiacha kiti. Kazi ilikuwepo. Siku ya ajali vyuma viwili vilikuwa vimegeuka mia tatu na kumi na mbili, na zaidi ya nusu havikuwa na namba bado. Kinanda aliketi, akafuta uso kwa ile pamba ya kusafishia, akaanza.

Inspekta alisimama koridoni, mlango ukiwa wazi, akapiga simu. Mama yake nesi alipokea kabla haijaita mara ya pili. Inspekta alimweleza yote, pole pole, kutoka ile picha ya wanafunzi mpaka kilometa arobaini na moja. Mama alisikiliza bila kukatiza. Aliuliza kama huyo mzee ana watoto. Alikuwa na mmoja, alijibu Inspekta. Upande wa pili ilisikika redio ya jirani.

"Sijui nimchukie vipi," alisema mama mwishowe. "Ningetaka nimchukie."

"Una haki, mama."

"Na sasa hivi? Nani yuko zamu?"

Inspekta alitazama ndani. "Yuko mtu, mama. Binti mmoja. Hajaondoa macho."

Mama hakukata simu. Inspekta naye hakukata. Akaisogeza karibu na mlango, akanyoosha mkono, akaishika hewani pale ambapo vidole juu ya vitufe vilisikika, kimoja baada ya kingine, vikitoa namba.